Jina la Mjomba Kwenye Leseni ya Duka Langu

Alhamisi, Mwembesongo. Masika bado hayajaaga, lakini leo yametupa nafasi ya kupumua. Tangu adhuhuri jua linawaka, matope ya mbele ya duka yameanza kushikana, na hapa nilipokaa naiona milima yote mpaka juu kabisa, jambo ambalo kwa majira haya hutokea kwa bahati.

Nina furaha. Tena furaha ya kipuuzi, maana nimefurahi kwa sababu nimekadiriwa kodi.

Cheka tu. Hata mimi wiki iliyopita mtu angeniambia hivyo ningemuuliza amekula nini.

Kwa wewe uliyefika hapa kwa mara ya kwanza, mimi ni Zainabu, nauza viungo. Mdalasini, iliki, pilipili manga, karafuu, manjano, tangawizi ya kukausha. Vingi vinashuka kutoka milimani, mimi nasafisha, nasaga, nafunga kwenye vipakiti, nauza jumla na rejareja. Nilianza mwanangu wa kwanza akiwa anatambaa. Sasa anaota ndevu na ananijibu kwa kifupi kama wenye ndevu wote.

Duka ni langu. Hilo nalijua mimi, analijua mume wangu, wanalijua wateja na hata mbuzi wa jirani wanaokuja kula maganda yangu. Asiyejua ilikuwa ni serikali. Kwa serikali, duka hili ni la Mjomba Kibwana.

Hapa inabidi nieleze, maana mume wangu ni Mhehe na nimeishi naye miaka yote hii bila jambo hili kumwingia vizuri kichwani. Sisi Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama. Lukolo, ndivyo tunavyouita ukoo huo, ndio wenye mashamba, ndio wenye makaburi, na anayeusimamia nyumbani ni kaka wa mama, yaani mjomba. Posa inapelekwa kwa mjomba. Kwenye msiba anapigiwa simu mjomba. Baba anapendwa na kuheshimiwa, lakini linapokuja suala la kitu cha kuandikwa jina, kila mtu anamgeukia mjomba bila hata kufikiri.

Na huyu Mjomba Kibwana si mjomba wa jina tu. Magome ya kwanza ya mdalasini niliyouza yalitoka kwenye miti yake kule Kinole. Alinipa akasema, "Ukiuza utanirudishia, usipouza tutapikia chai." Basi ulipofika wakati wa kukata leseni hakuna aliyekaa kikao. Mjomba alishuka mjini, akachukuliwa alama za vidole, akapewa namba ya mlipa kodi, na jina lake likaandikwa. Mama yangu alipiga vigelegele pale pale.

Hiyo leseni ipo ukutani, kwenye fremu. Mjomba akishuka lazima aitazame. Unapaswa kumwelewa. Katika ujana wake, mtu kununua sabuni na chumvi akauze ilikuwa ni ulanguzi, na yeye aliwahi kupitisha chumvi chini ya mikungu ya ndizi. Halafu dunia ikageuka, biashara ikawa ruhusa, na jina lake yeye Kibwana likawekwa kwenye karatasi yenye mhuri. Husimama mbele ya ile fremu mikono nyuma, anaisoma taratibu kuanzia juu hadi chini, kisha anasema, "Haya." Basi, hilo tu.

Sasa sikiliza kilichonipata Jumatatu.

Leseni yangu inaisha mwisho wa mwezi huu. Manispaa hawakupi nyingine mpaka uwapelekee cheti kutoka ofisi ya kodi kwamba hudaiwi. Kila mwaka nakwenda, nataja namba, nalipa, naondoka. Safari hii dada wa dirishani, kijana tu, mwenye miwani na sauti ya upole, aliangalia kompyuta yake, akaangalia tena, akaniuliza mimi na Kibwana ni nani na nani. Nikamwambia ni mjomba wangu. Akasema, "Mjomba wako ni mfanyabiashara mkubwa sana."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Akanigeuzia kioo cha kompyuta nione. Tangu nilipokwenda mara ya mwisho mafaili yote ya namba moja yamekusanywa mahali pamoja, na chini ya jina la Mjomba Kibwana kulikuwa na duka la viungo Mwembesongo, duka la vifaa vya ujenzi Mafiga, na mashine ya kusaga nafaka Gairo.

Duka la Mafiga ni la kaka yangu Shabani, mtoto wa mama mdogo. Mashine ya Gairo ni ya dada yetu Hadija, aliyeolewa huko. Jamani! Mimi nilidhani heshima hii nilimpa mimi peke yangu.

Yule dada alinieleza vizuri, na nitamshukuru daima kwa kutonidharau. Alisema kodi hii ya sisi wadogo, ya makadirio, inamfuata mtu, haifuati duka. Mtu mmoja ana namba moja, na mauzo yake yote yanatiwa kapu moja. Likijaa kupita kipimo, huyo mtu si mdogo tena. Anatakiwa aajiri mhasibu wa kumfungia hesabu, anunue mashine ya risiti, alipe kwa utaratibu wa wakubwa. Na cheti hapati mpaka yote hayo yakae sawa.

Simenti ya Shabani kwa wiki inaimeza mdalasini yangu ya msimu mzima. Kwa hiyo, kwa karatasi, mimi muuza vipakiti nimekuwa tajiri kwa sababu ya nondo za mtu mwingine.

Ngoja niungame kitu. Mpaka Jumatatu nilikuwa naamini ushuru, leseni na kodi ni kitu kimoja kinachobadilisha majina ili kituchoshe. Nilikuwa nikishampa yule wa sokoni ushuru wake, najiambia nimemaliza na serikali. Kumbe ushuru na leseni ni vya Manispaa, kodi ni ya taifa, na hata hiyo kodi wanaitazama kwa mauzo, wala si faida iliyobaki mfukoni. Na anayeweka kumbukumbu za mauzo yake anakadiriwa nafuu kuliko anayekwenda mikono mitupu na kuapa. Haya yote nilikuwa nayapita kila mwaka kama mtu anavyopita kwenye kibao cha daktari wa meno.

Nilitoka pale nikihesabu siku kwa vidole. Ramadhani inakuja. Mwezi ule pilau, chai ya viungo na uji wa pilipili manga ndivyo vinavyonilisha mimi mwaka mzima. Duka lisilo na leseni wale jamaa wa Manispaa hawalionei haya, wanapiga kufuli. Nikifungiwa sasa hivi, basi nimefungiwa mwaka.

Nikampigia Shabani. Alicheka mpaka akakohoa, halafu akili ikamrudi, akaacha kucheka. Nikamuuliza ilikuwaje akatumia namba ya Mjomba. Akanijibu, "Kwani wewe ulidhani ni peke yako uliyefundwa adabu?"

Hadija naye nikampigia. Yeye alinishangaa kabisa. "Niandike jina langu, na Mjomba yu hai?" Alisema kwa namna ya mtu aliyeombwa achimbe kaburi la mtu anayetembea.

Dawa ilikuwa moja na kila mmoja wetu aliijua. Kila mtu akachukue namba yake, aandikishe biashara yake, na jina la Mjomba litoke. Lakini nani atakwenda kumwambia? Nani atapanda mlima akamwambie mzee yule, "Tunakushusha kwenye fremu"? Shabani akasema mimi ndiye kipenzi chake. Hadija akasema Gairo ni mbali. Mama aliposikia akashika kiuno: "Zainabu, unataka kumvua nguo mjomba wako hadharani?"

Mume wangu alisema kwao Iringa mambo haya hayapo. Nikamwambia kwao Iringa kuna ubaridi tu. Nilikuwa na hasira na hakustahili, lakini alinimenyea machungwa tu.

Sikumwogopa Mjomba kwamba atanipiga au atanilaani. Niliogopa uso wake. Niliogopa aseme "Haya," kisha asishuke tena mjini.

Jana nikapanda. Nilibeba sukari, majani ya chai na shuka jipya, vitu vya mtu anayekwenda kuomba radhi kabla hajakosa. Kutoka Mkuyuni kwenda Kinole nilipanda pikipiki, na njia ilikuwa utelezi mtupu. Yule dereva kila kona anasema "Usiogope mama," na kila anaposema hivyo ndivyo ninavyozidi kuogopa. Mara mbili nilishuka nikatembea, viatu mkononi.

Nyumbani sikumkuta barazani. Nikazunguka nyuma ya nyumba nikiita hodi, nikamwona ametoka mbio chini ya kibanda cha makuti, mikono ina udongo, anajifuta kwenye msuli. Nikamwamkia. "Shikamoo Mjomba."

"Marahaba mama, marahaba. Mbona huku nyuma? Twende mbele, twende mbele." Akanishika mkono akanigeuza kama mtoto. Nyuma yake niliona viriba vingi, vile vifuko vya kuoteshea miche, vimepangwa mistari, vimeota vijani. Nikadhani ni kahawa, sikujali, nilikuwa na langu moyoni.

Akanipa magimbi na chai. Nikaanza kuzunguka. Nikauliza mvua. Nikauliza mgongo wake. Nikauliza nguruwe wa porini kama wanasumbua mihogo. Alijibu yote kwa adabu huku akinitazama, maana mtu hapandi Kinole kwenye matope ya masika kuuliza habari za nguruwe.

Mwisho nikasema kwa sauti nyembamba, "Mjomba, wale wa ofisi ya kodi wanakusalimia."

Akaacha kutafuna. "Wamekutuma?"

Nikashtuka. "Unawajua?"

Akaweka gimbi chini. Akaangalia mlangoni kama mtu anayehofia kusikika, na hapo tulikuwa wawili tu na kuku. Kisha akanisimulia.

Mwaka jana wakulima wa ng'ambo ya pili walijikusanya kikundi, wakapata mfadhili wa kuwanunulia miche ya karafuu. Walimjia yeye, kwa sababu miche ya Mjomba haifi. Lakini mfadhili alitaka risiti halali na namba ya muuzaji. Mjomba akasema mbona namba ninayo. Akavaa kanzu, akashuka mjini, akaenda pale ofisini mwenyewe kuuliza anayetaka kuuza miche afanyeje.

"Niliulizwa habari za simenti, Zainabu," alisema. "Mimi! Nyumba yangu ya udongo, naulizwa nimeuza mifuko mingapi ya simenti."

Wakamwambia kwa biashara zake zile aje na mhasibu. Akasema sawa. Akatoka. Akapita karibu na duka langu, na siku hiyo hakuingia, akapanda gari akarudi mlimani. Kikundi kikanunua miche kwa mtu mwingine. Hakumwambia mtu yeyote, hata mama yangu.

"Kwa nini hukuniambia, Mjomba?"

"Ningekuambiaje? Niseme nimechoka kubeba majina yenu? Mjomba anayeondoa jina lake kwenye kitu cha mtoto, amemkana mtoto huyo. Watu wangesema Kibwana amewatupa."

Hapo nikalia. Nililia huku nacheka, kamasi na chai pamoja, na yeye akadhani nimeumia akaanza kunipigapiga mgongoni. Nilipoweza kusema nikamwambia nimepanda mlima huu kumwomba jina litoke, na kwamba tangu Jumatatu sijala vizuri kwa woga wa kumwambia. Akanikazia macho. Kisha akapiga paja lake kofi moja kubwa akasema, "Khaa! Kumbe wote tulikuwa tunaumwa jino moja!"

Tulistahiana mpaka tukaumizana. Sisi tulimpa heshima tukamfunga mikono nayo, naye akakaa kimya ili asituaibishe. Mzee wa watu amekuwa bosi wa nondo na unga wakati anachotaka ni kuuza miche yake michache kwa jina lake mwenyewe.

Akanipeleka nyuma. Safari hii alinionyesha kiriba kimoja kimoja. Karafuu, mdalasini, na iliki kidogo pembeni kwenye kivuli. Alikuwa ameficha kwa sababu aliona aibu kuonekana anaanza biashara uzeeni, baada ya miaka yote watu kumwita mwenye maduka.

Kule kwake mtandao unapatikana juu ya jiwe moja tu. Akapanda juu yake na msuli alioupandisha magotini, akataka nimpigie Shabani. Hajui kwamba kwenye simu huhitaji kupiga kelele. "Shabani! Simenti yako ichukue! Umenisikia? Na nondo zako zote!" Bonde zima lilisikia. Nadhani mpaka nguruwe walisikia.

Tukashuka wote jana hiyo hiyo jioni, akalala kwangu. Leo asubuhi tumekwenda ofisini, Mjomba na koti juu ya kanzu, Shabani na mimi. Hadija atamalizia kule kule Gairo, ameahidi.

Dada wa miwani alitukalisha. Akamwamkia Mjomba shikamoo, akamuuliza polepole, "Mzee, hapa nina biashara tatu kwa jina lako. Ipi ni yako?"

Mjomba akavuta koti lake vizuri. "Hakuna. Yangu ni ya nne, na hiyo ndiyo hamjaiandika."

Watu waliokuwa kwenye benchi walicheka, na dada yule akavua miwani akaifuta. Akaandika. Kitalu cha miche, Kinole. Zile tatu zikafutwa, moja baada ya nyingine, kwenye namba yake, na kila moja ilipofutwa Mjomba alisema, "Alhamdulillahi," tena kwa sauti. Kodi za nyuma kila mtu alikuwa amelipia duka lake, kwa hiyo hapakuwa na la kugombana. Shabani yeye, masikini, sasa ndiye mkubwa. Anatafuta mhasibu na ile mashine ya risiti. Amenuna kidogo, lakini anajua ni haki yake, na kuna sehemu ya moyo wake inafurahia kuitwa mkubwa. Namjua.

Zamu yangu ikaja. Alama za vidole kwanza. Mashine ikakataa. Nikafuta vidole kwenye khanga, ikakataa tena. Manjano yameniingia mpaka kwenye kucha, na ncha za vidole zimesagika kwa kuparura magome. Dada akanipa kitambaa chenye maji, nikasugua mpaka ngozi ikawaka, ndipo ikakubali.

Kisha akaniuliza habari za mauzo. Siku ya kawaida, siku ya mvua, mwisho wa mwezi, Ramadhani. Hapo shetani alinijia, sitaficha. Ningeweza kuishusha Ramadhani ikafanana na siku za kawaida, nani angejua? Shabani alinigusa kwa kiwiko, akiwa na maana hiyo hiyo. Nikafikiri kwamba hii ni mara ya kwanza serikali inaniuliza mimi, Zainabu, nauza nini. Na jibu langu la kwanza liwe uongo? Nikasema ilivyo, na Ramadhani nikaitaja kama inavyonijia, na baraka zake zote.

Akapiga hesabu. Nimebaki kwenye wadogo. Kodi yangu ni ya kulipa kwa awamu nne kwa mwaka, na ni kitu ninachokiweza bila kumkopa mtu. Akaniambia nikianza kuweka kumbukumbu za kila siku, mwaka ujao itakuwa nafuu zaidi.

Kilibaki kitu kimoja, pengo juu ya fomu. Akainua kalamu akauliza, "Mwenye biashara ni nani?"

Mdomo wangu ukajibu wenyewe. "Kibwana."

Wallahi, ndivyo nilivyosema. Baada ya mlima wote ule, matope yote yale! Dada akainua kichwa. Shabani akashika uso. Mjomba hakucheka. Aliinama kwangu akasema taratibu, kwa sauti ile ya nyumbani, "Taja jina lako, mwanangu. Mimi nipo, siendi popote."

Nikalitaja. Nimelipa awamu ya kwanza pale pale, na cheti nitakichukua Jumatatu nikipeleke Manispaa.

Tulipotoka nilitangulia mimi kuja kufungua, Mjomba akapita msikitini kuswali adhuhuri. Nimeitoa ile leseni ya zamani kwenye fremu nikaikunja vizuri. Nilitaka kumpa, ni yake. Ukutani pamebaki mraba wa rangi isiyopauka.

Miaka yote Mjomba akija hapa huingia moja kwa moja, anapita nyuma ya meza, anafungua madebe, ananusa, anakaa kwenye kiti changu, na mimi nasimama. Hakuna aliyewahi kuliona hilo kuwa ni jambo. Leo nilikuwa nimeinama napima iliki, nikaona kivuli mlangoni, kimesimama, hakiingii. Nikangoja. Nikainua kichwa. Alikuwa amesimama nje ya kizingiti, kofia mkononi, viatu amevivua kando.

"Hodi," alisema. "Mwenye duka yupo?"

Kulikuwa na mteja, mama mmoja wa Mafiga, akatazama huku na huku asielewe kwa nini muuza viungo anafuta macho na kumbe si pilipili. Mjomba akangoja kwa subira palepale juani, kama mgeni yeyote.

"Yupo, Mjomba," nikasema. "Karibu ndani."

Akaingia, akakaa kwenye benchi la wateja.